Dibango hakuanzia New York

Ndugu mwandishi, makala tamu, ila umempitia mpiga saksafoni Manu Dibango mbiombio. Kwenye albamu Latin-Soul-Rock ya Fania All Stars, kundi la salsa la New York (1974), hakuwa mgeni aliyealikwa kuonja muziki wa Walatini. Mwaka 1961 alikuwa tayari Léopoldville (Kinshasa ya leo) na African Jazz ya mwimbaji Joseph Kabasele, bendi iliyoishi kwa rumba na cha-cha, maana santuri za Kuba zilishaingia Kongo tangu miaka ya 1930. New York alikuta ndugu zake tu.

Sisi wa Arua, Uganda, hilo halitushangazi. Mpaka wa Kongo uko hapo Vurra, na muziki wa Kongo haujawahi kuulizwa pasi. Majuzi, Koboko, niliuweka wimbo wake Soul Makossa, ule wa albamu hiyo, kwenye spika ya kibanda cha chai. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akaanza kuzifuata tumba kwa vidole mezani. Saksafoni ilipoingia akasema, "Huyo Mkongo." Ni Mkameruni, lakini mzee hakuwa mbali.

Magitaa ya roki ya albamu hiyo, kusema kweli, mimi nayaruka. Nakala yako ya albamu ni ya zamani au toleo jipya? Yangu besi inamezwa kabisa.