Washauri wa Kando ya Barabara

Mtu akigongwa pale Jogoo Road jijini Nairobi, washauri hufika kabla ya ambulensi. Mmoja anataka apelekwe hospitali ya Mama Lucy, mwingine anashikilia ya Kenyatta, na katikati ya zogo hilo yupo anayemvuta kando ndugu wa majeruhi na kumnong'oneza kwamba ana wakili wake. Viwandani Industrial Area na kwenye mijengo ya Pipeline hali ni hiyo hiyo, ila huko mshauri huwa nyapara mwenyewe. Madai yao utayasikia Kayole, Umoja na Dandora kwa maneno yale yale, na ukiyachunguza utagundua kwamba karibu yote yanamfaa yule anayepaswa kulipa. Tuyachukue moja moja.

"Wewe ni kibarua tu, hukuandikwa popote"

Hili ndilo hunyamazisha wengi, na ni uongo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, haimdai mtu barua ya ajira. Inachouliza ni kama alikuwa akimfanyia mtu kazi kwa ujira. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inatambua mapatano ya mdomo sawa na ya maandishi. Kinachobaki ni ushahidi, na kibarua wa leo anao mwingi kuliko anavyodhani: ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kutoka kwa nyapara, jina lake kwenye daftari la getini, kikundi cha WhatsApp cha watu wa saiti, wenzake waliombeba akitokwa na damu. Mwenye mjengo akidai hamjui mtu huyu, basi aeleze kwa nini amekuwa akimtumia pesa kila wiki.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Fundi aliyechukua kazi kwa bei ya jumla, akaja na vifaa vyake na vijana wake, huenda asihesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwenye nyumba, na wale vijana wakaonekana ni waajiriwa wake yeye. Na mchonga sufuria wa Kamukunji anayejitegemea hana mwajiri wa kudai. Fundi huyo na mchonga sufuria WIBA haiwafikii, na anayewaahidi vinginevyo anawapotezea muda.

"Mpeleke mwajiri kortini, jaji ndiye wa kukupa pesa nzuri"

Ushauri huu uliwahi kuwa na maana, ndiyo sababu haufi. Kifungu cha 16 cha WIBA kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kazini, na kumwelekeza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Mawakili Kenya kilipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa, hicho kikiwemo. Kwa miaka minane mahakama za mahakimu zikaendelea kupokea kesi za vidole vilivyokatwa na migongo iliyovunjika kana kwamba sheria mpya haipo. Kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vya vifungu hivyo, cha 16 kikiwemo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Kuanzia hapo, anayemshtaki mwajiri wake mbele ya hakimu kwa jeraha la kazini anamrahisishia kazi wakili wa upande wa pili: ataleta pingamizi siku ya kwanza, na kesi itatupwa kabla ya yeyote kuuliza mkono uko wapi.

Njia yenyewe ni hii. Mwajiri akishapata habari za ajali anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7, na ikiwa mtu amekufa, ndani ya saa 24. Asipofanya hivyo, na wengi hawafanyi, majeruhi au jamaa yake aende mwenyewe. Makao makuu ya idara ya Mkurugenzi yako Commercial Street, Industrial Area, jirani kabisa na viwanda vinavyowaumiza watu wa Eastlands. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Hapa ndipo maneno matamu ya msimamizi yanapouma. "Ngoja upone kwanza, tutaongea" ni sentensi ambayo ikirudiwa mara za kutosha hufikisha mwaka.

Daktari anakadiria ulemavu kwa asilimia, na hesabu yake haina siri. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 96. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, miezi 96 ni 1,440,000. Daktari akiandika asilimia 20, fidia ni 288,000. Mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulipa madai yakishamfikia kutoka kwa Mkurugenzi. Mbali na hayo kuna gharama za matibabu, na malipo ya kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, hadi miezi 12.

Sheria hii haina huruma hata hivyo. Inapima mwili kwa mshahara, kwa hiyo mkono wa mpakiaji wa magunia ni rahisi kuliko mkono wa meneja wake, na maumivu hayana bei yoyote ndani yake. Ndiyo maana hadithi ya jaji mkarimu bado ina wasikilizaji. Lakini hadi hatua hii mtu hahitaji wakili. Atamhitaji akitaka kupinga uamuzi, maana pingamizi kwa Mkurugenzi lina siku 60 na rufaa ya Mahakama ya Ajira ina siku 30, au mwajiri akikataa katakata kulipa kilichokadiriwa.

"Ulikosea mwenyewe, hulipwi"

Kazini, kosa la kawaida la mfanyakazi halimnyimi fidia. WIBA haitafuti mzembe ni nani. Kinachoweza kumponza ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na huo sharti uthibitishwe. Barabarani kosa lako hupunguza, halifuti. Umevuka Outer Ring Road chini ya daraja la miguu badala ya juu yake, na matatu ilikuwa ikikimbia kupita kiasi: mahakama inaweza kukubebesha, tuseme, asilimia 30 ya lawama. Kama ungepewa 600,000, unabaki na 420,000. Anayekwambia ni sufuri ana sababu zake.

"Wenye matatu wamelipa hospitali, tia sahihi yaishe"

Mgonjwa yuko wodini, mguu umening'inizwa, bili inapanda kila asubuhi. Anakuja mtu mpole na karatasi moja na kalamu. Karatasi inasema aliyesaini amepokea kiasi fulani na hana dai lolote zaidi dhidi ya mwenye gari, dereva wala bima. Sahihi hiyo si risiti ya hospitali. Ndiyo mwisho wa kesi, na hakimu ataisoma hivyo isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuitupa. Wakati huo hakuna daktari aliyejua kama mguu utakuwa mfupi, wala kama chuma kitatolewa mwakani kwa upasuaji wa pili. Kupokea msaada wa bili hakukatazwi. Kusaini kabla ya kuwa na ripoti ya daktari ndiko kunakoumiza.

Kesi ya barabarani ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa aliyekugonga ni gari la serikali, la polisi kwa mfano, muda ni miezi 12 tu, na wengi hugundua hilo mwezi wa kumi na tatu. Bima ya lazima ya magari hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari mwenyewe.

Na bima hujulikana kwa cheti chake. Kabla matatu haijavutwa kwenda kituoni, mtu yeyote mwenye simu apige picha mbili: namba ya gari, na cheti cha bima kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, jina la kampuni, namba na tarehe ya mwisho vikisomeka. Kisha ukipewa abstrakti ya polisi, isomee pale pale kaunta, neno kwa neno. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, utamshtaki mtu wa Kitale asiyewahi kufika Donholm. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, iwepo. Fomu ya P3 ya kurekodi majeraha nayo ni bure, anayekuuzia anakuibia.

Kweli moja chungu hapa: bima zenyewe huanguka. United Insurance ilianguka 2005, Standard Assurance 2009, Blue Shield 2011, zote zikiwa zimekatia matatu bima, na majeruhi wakabaki na hukumu mkononi bila wa kuilipa. Lakini mwenye gari haanguki pamoja na bima yake. Jina lake liko kwenye rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, na utafutaji kwa namba ya gari hugharimu pesa kidogo.

"Wakili ni wa matajiri, acha broka akutafutie wa bure"

Wakili wa broka si wa bure. Broka hulipwa, na pesa hizo hutoka kwenye mfuko wa majeruhi mwishoni, asipokuwapo wa kuhesabu. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kutafutiwa wateja kwa namna hiyo, na inabatilisha pia mapatano ya kulipwa kesi ikishinda pekee. Kwa hiyo "usipolipwa hudaiwi" inayonong'onezwa wodini haina mguu wa kusimamia. Wakili mwaminifu anaweza kukubali kungoja ada yake, lakini ataandika ni kiasi gani, na nani anagharimia ripoti ya daktari na ada za korti. Omba nakala. Hundi ya bima hupitia akaunti ya wakili, kwa hiyo uwe na nakala ya hukumu yenyewe, si simulizi ya broka kuhusu hukumu. Kuthibitisha kama wakili ana leseni ya mwaka huu, Chama cha Mawakili kina orodha. Akila pesa zako, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.

Kuhusu utajiri: Kituo Cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, na Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa kazi hiyo. Kanuni za kesi za madai, Amri ya 33, zinamruhusu maskini kuomba asamehewe ada za korti. Na kwa dai la jeraha lisilozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani 2021, ambako mtu anaweza kujisimamia na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Mguu uliovunjika vibaya usiupeleke huko, utaubana chini ya milioni bure.

"Kadi ya ulemavu ni ya waliozaliwa hivyo, na ukiichukua korti itasema umeshasaidiwa"

Nusu zote mbili ni za kutunga. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili mtu kwa hali aliyonayo baada ya kukaguliwa hospitalini, hata kama hali hiyo ililetwa na matatu ya mtaa wake. Aliyesajiliwa na kupata kazi anaweza kuomba asitozwe kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Familia inayomtunza mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuingizwa kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo hazilipi hata chumba kimoja Dandora, na mwenye matatu hana haki ya kuzikata kwenye anachodaiwa.