Tunaimba Tusichokijua



Siku ya Idi Mosi nilikuwa mgeni Kambarage, mjini Shinyanga, katika nyumba ya watu wa pwani waliohamia huko kwa biashara. Baada ya pilau watoto walicheza wakiimba wimbo wa Kihindi waliojifunza kwenye simu, neno kwa neno, bila kukosea. Akaingia mzee wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, kutoa mkono wa Idi. Akasikiliza, kisha akamwuliza binti mdogo, "Mjukuu wangu, unaimba nini?" Mtoto akajibu, "Wimbo wa sikukuu, babu." Mzee akasema kwa upole kwamba ni wa sikukuu kweli, ila ni sikukuu ya Holi, Wahindu wanapopakana rangi. Baba wa mtoto akainamisha kichwa.

Usimcheke baba huyo. Kasikilize kwanza nyumbani kwako, Tanga, Mombasa au Unguja.

Wako watakaosema dawa ni kupiga marufuku kila wimbo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar akakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana idi yao. Waliimba nini? Habari za vita vya Buath, walivyopigana watu wao wenyewe Madina kabla ya Uislamu. Waliimba ya kwao, kwa lugha yao, na walijua wanalolisema. Hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Wengine watasema mahadhi hayana dini. Nakubali. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alichukua mahadhi mengi ya filamu za Kihindi, lakini akayatilia maneno ya Kiswahili, na msikilizaji akafahamu anaambiwa nini. Sisi tumechukua mahadhi na maneno pamoja, tukaacha maana.

Wala mshairi wa Bara Hindi hana kosa. Nazir Akbarabadi wa Agra, aliyefariki 1830, alikuwa Mwislamu, akatunga juu ya Idi na pia juu ya Holi na Diwali za jirani zake, kwa sababu aliziona mtaani kwake. Mwaka 1904 Iqbal aliwatungia watoto, kwa Kiurdu, wimbo wa kuipenda nchi yao. Hao walisifu walichokijua. Je, sisi tumekosa cha kusifu?

Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa kumwongoza katika dini na nyumba. Muyaka bin Haji aliutetea mji wake wa Mombasa kwa mashairi. Shaaban Robert wa Tanga alimwandikia mwanawe wa kiume na binti yake tenzi za nasaha. Sikukuu, mapenzi ya wazazi na nchi, yote tunayo. Mwulize mwanao beti mbili tu za hao. Akinyamaza, usimlaumu yeye.

Na tusijivune mbele ya watu wa bara. Jirani wa nyumba ile ya Kambarage ni Wasukuma. Baada ya mavuno hushindana kwa ngoma, Wagika kwa Wagalu, na manju hutunga wimbo mpya kwa Kisukuma, mtoto akausikia na kuufahamu. Sisi tuliopeleka Kiswahili huko tumekwenda kuwaonyesha watoto wetu wakiimba wasichokijua!

Sura ya 26 ya Qur'ani imeitwa Washairi, na mwisho wake huwalaumu wanaosema wasiyoyatenda, isipokuwa walioamini na kutenda mema. Basi mtoto anayesema asilolijua tutamjibia nini kesho?

Kabla ya Idi ijayo, mwite bibi au babu aliye hai nyumbani, amfundishe mtoto beti kumi na kumweleza maana ya kila neno. Wazee hawa wanatuondoka, na beti walizozihifadhi kifuani huondoka nao.

Wabillahi tawfiq.