Chanjo ya hija isingoje siku ya safari

Mhariri,

Juzi nilimsindikiza mama mdogo kuchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya umra. Sindano moja begani, nesi akagonga mhuri kwenye kile kijitabu cha manjano cha chanjo, tukamaliza. Mzee aliyekuwa nyuma yetu alikuwa anasafiri baada ya siku 3. Niliumia kumtazama. Saudia inataka chanjo iwe imetimiza angalau siku 10 kabla ya kuingia, maana mwili huhitaji muda kujenga kinga. Hija ya mwaka 2000 ugonjwa huu ulizuka, mahujaji wakarudi nao na kuwaambukiza hata jamaa waliobaki nyumbani. Viongozi wa vikundi vya hija, tafadhalini, waelezeni watu habari ya chanjo siku wanapojiandikisha, si mnapogawa tiketi.

Msomaji,
Tanga