Kabla ya Mashine Mpya, Tutazame Pedi



Muhula huu umeanza na habari njema kwa chumba chetu cha mapumziko. Mfadhili mmoja amejitolea kutusaidia vifaa vya michezo ya ndani, nasi mafrateri tumeombwa tuandike orodha ya mahitaji. Kwa kuwa wenzangu wananifahamu kama mpenzi mkubwa wa gemu, na wa bao pia, kalamu walinipa mimi. Mapendekezo niliyopokea yanafanana karibu yote: PlayStation 5, televisheni kubwa ya kisasa, na gemu ya mpira ya mwaka huu. Nimekaa na orodha hiyo wiki mbili. Leo natoa maoni yangu hadharani, kwa sababu naona orodha yetu imeanzia mwisho.

Kwanza niseme wazi kwamba siandiki kuupinga mchezo. Wapo wanaodhani seminari na gemu havikai pamoja, na kwamba frateri anayecheza anaiba muda wa vitabu na wa sala. Mtakatifu Thoma wa Akwino hakufikiri hivyo. Katika Summa Theologiae, anapozungumzia kiasi, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba inahitaji burudani ili ipumzike. Anarudia kisa cha zamani cha Mtakatifu Yohane Mwinjili na mpiga upinde: upinde uliovutwa wakati wote bila kulegezwa mwishowe huvunjika. Thoma anakwenda mbali zaidi. Akimfuata Aristotle, anasema kucheza kwa kiasi ni fadhila, na kwamba mtu asiyecheza kabisa na anayewaharibia wengine furaha yao naye ana kasoro. Kwa hiyo swali langu si kama tucheze. Swali ni tununue nini, na kwa ajili ya nini.

Tutazame tulicho nacho. Tuna PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa duniani zaidi ya nakala milioni 150. Wengi wetu tuliifahamu utotoni katika vibanda vya gemu vya mtaani, tukilipia kwa mechi, aliyefungwa anampisha mwingine. Gemu ya FIFA iliacha kutengenezwa kwa ajili ya mashine hii baada ya toleo la FIFA 14, lililotoka mwaka 2013. Ndiyo maana katika chumba chetu bado tunachezesha watu waliokwisha kustaafu soka na wengine ambao sasa ni makocha. Wenzangu wanaliona hilo kuwa aibu. Mimi naona ni jambo la kuchekesha tu, na halijawahi kunizuia kufurahia bao zuri.

Tunayo pia televisheni ya chogo, ambayo kila mmoja anataka iondolewe. Hapa naomba niitetee kitaalamu. Televisheni bapa za kisasa huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha. Picha ya mashine ya zamani ni ndogo, hivyo inabidi ikuzwe, na kazi hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Ukitazama tamthilia hutaliona tatizo. Ukicheza gemu utaona: unabonyeza kupiga shuti, na mchezaji anapiga kwa kuchelewa. Televisheni nyingi mpya zina mpangilio maalumu wa gemu unaopunguza ucheleweshaji huo, lakini wengi hawajui kuuwasha. Chogo haina shida hiyo. Kwa PlayStation 2, chogo letu ni kifaa bora kuliko tunavyodhani.

Na hiyo PlayStation 5? Ni mashine nzuri sana, sitadanganya. Niliicheza likizo iliyopita nyumbani kwa binamu yangu, na nilipata shida kuinuka kwenye kiti. Lakini ina masharti. Moja ya matoleo yake halina sehemu ya kuwekea diski, kwa hiyo kila gemu lazima ipakuliwe kwa intaneti. Hata ukinunua lenye diski, gemu huhitaji masasisho ya mara kwa mara, na gemu moja kubwa hula makumi ya GB. Sisi tunapangiana zamu ya intaneti ili watu wamalize kazi za darasani. Umeme nao tunaujua ulivyo. Gemu ya mpira hutoka mpya kila mwaka, na baada ya miezi kumi na miwili tutaanza tena kusema tuliyo nayo imepitwa. Mfadhili atakuwa ametoa mara moja, sisi tutabaki tunadai kila mwaka.

Hata hivyo, sababu kubwa ya maoni yangu si intaneti wala umeme. Ni pedi, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Pedi zetu ni mbili, na moja ni mbovu. Kijiti chake cha kushoto kinavuta kulia hata usipokigusa. Ubovu huu una maelezo yake. Ndani ya kijiti kuna kipande kidogo cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni, na mashine hujua umeelekeza wapi kwa kupima umeme unaopita pale. Utepe ukilika au ukiingiwa na vumbi, kipimo hupotoka na mchezaji wako hutembea peke yake. Pedi ya kawaida ya PlayStation 5 nayo hutumia mfumo huohuo wa msuguano, hivyo na yenyewe itachoka. Siku hizi zipo pedi zinazotumia sumaku badala ya msuguano, nazo hudumu zaidi. Ningekuwa na fedha, hapo ndipo ningeziweka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili dogo linanigusa.

Mwaka jana nilirudi kutoka likizo na pedi yangu mwenyewe, mpya, niliyoinunua kwa akiba yangu. Jioni moja alikuja frateri wa mwaka wa kwanza, mgeni kutoka jimbo la mbali, ambaye hakukulia kwenye vibanda vya gemu. Aliomba kucheza. Mimi nilishika pedi yangu, naye nikampa ile mbovu, wakati ile nzima ya chumba ilikuwa hapohapo mezani. Nilimfunga sita bila. Katikati ya mchezo aliniambia kwa upole, "Kaka, hii pedi inavuta." Nilimjibu kwa methali ambayo kila mtu chumbani aliicheka: asiyejua kucheza husema uwanja mbovu.

Hakubishana. Alimaliza mechi, akaniwekea pedi mezani taratibu, akatoka. Baada ya hapo sikumwona tena kwenye mapumziko. Saa ile alikuwa maktaba, au bwenini. Siku moja mlezi alituuliza katika kikao kwa nini baadhi yetu wanakimbia mapumziko ya jumuiya. Nilijua sababu moja, nikanyamaza.

Nilipochunguza dhamiri kabla ya kitubio wakati wa Kwaresima, mechi ile ndiyo iliyonijia. Nilijaribu kuipuuza: ni gemu tu, nani anaungama gemu? Lakini haikuwa gemu tu. Uwanja ulikuwa mbovu kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikijua. Baada ya kitubio nilimfuata nikamwomba msamaha. Alinisamehe, ila alisema neno ambalo silisahau. Alisema alijua tangu dakika ya kwanza kwamba pedi ni mbovu. Kilichomuumiza ni kuona kwamba na mimi nilijua.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu kifaa kizuri ni kipi. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, anaeleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo ambavyo si vya lazima. Ni rahisi kuushika mpira na kuupeleka golini kwa mikono, lakini tunakubaliana kutofanya hivyo, na kutoka katika makubaliano hayo mchezo unazaliwa. Mimi naongeza jambo moja: vikwazo hivyo lazima viwe vya wote wawili. Kijiti kinachovuta kulia ni kikwazo ambacho mwenzangu hakukikubali na mimi sikuwa nacho. Kwa hiyo, kwa maana kamili, jioni ile hatukucheza. Nilikuwa najifurahisha kwa kumtumia mtu.

Linganisheni na bao. Likizo hii nilikaa na baba yangu karibu kila jioni, tukicheza bao la Kiswahili mbele ya nyumba. Ubao wake ni wa mninga, umechongwa kabla sijazaliwa, na mashimo yamelainika kwa vidole vya watu. Yako mashimo 32 na kete 64, mbegu za mkomwe, ingawa sita zilipotea na nafasi zake zimechukuliwa na vijiwe. Kila mchezaji anaanza na kete 32: kumi zinapangwa ubaoni na 22 zinabaki mkononi. Ubao ni mmoja, na kete ninazoteka kwako ndizo nitakazochezea. Hakuna namna ya kumiliki bao bora kuliko la mpinzani wako. Baba alinifunga siku tisa mfululizo na sikuwa na pa kusingizia. Sishangai kwamba Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere aliupenda mchezo huu. Hata drafti ya visoda ina haki hiyohiyo: vya mmoja vimefunikwa na vya mwenzake vimefunuliwa, basi.

Najua nitapingwa. Ndugu mmoja aliyesoma rasimu yangu aliniambia kwamba naupamba uzee na umaskini, na kwamba padre wa kesho ataishi na vijana wanaocheza PlayStation 5, si drafti ya visoda. Hoja yake ina uzito. Vijana wa parokia zetu wako huko, na mchungaji asiyejua lugha yao atawapoteza. Lakini kijana hatavutwa kwetu kwa sababu tuna mashine mpya kuliko yake. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa mwaka 1991, akafariki mwaka 2006 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation na aliipenda. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja tu kwa wiki. Alikuwa nacho kifaa, na hakukiacha kimtawale. Huo ndio ujuzi ambao vijana watauhitaji kwetu, na haununuliwi dukani.

Tena, mimi sisemi tusinunue kitu. Nasema tununue kwa mpangilio. Kipimo changu ni swali moja: kifaa hiki kitawaweka wachezaji wawili sawa, au kitamnyanyua mmoja juu ya mwenzake? Kwa kipimo hicho, orodha nitakayoipeleka kwa Padre Gombera, kama wenzangu wataridhia, ni hii. Pedi nne mpya za aina moja, ili asiwepo wa kubahatisha. Kidhibiti cha umeme cha kuilinda mashine tuliyo nayo. Bao mbili za mti mgumu na kete kamili. Mbao nne za drafti. Visoda tutaokota wenyewe baada ya sikukuu ya somo. Fedha ikibaki, na walezi wakiona inafaa, ndipo tuzungumzie mashine mpya, nami nitakuwa wa kwanza kufurahi.

Na sheria moja ambayo haigharimu kitu: ikitokea pedi ni nzuri na mbaya, mgeni apewe nzuri. Mwenyeji ndiye ahangaike na ile inayovuta. Nyumbani kwetu mgeni hupewa kiti kizima, na mwenye nyumba hukalia kigoda. Sijui kwa nini niliisahau adabu hiyo nilipowasha televisheni.

Pedi yangu nimeiacha chumba cha mapumziko, ni ya wote sasa, na kijiti chake bado kiko imara. Yule ndugu yangu hajarudi kwenye gemu. Lakini Jumapili mbili zilizopita alikuja kukaa nasi, akatutazama tukicheza drafti, kisha akauliza nani anajua bao. Nilimjibu kwamba ninajua kidogo. Jumapili ijayo tutacheza, na yeye ndiye atakayeanza.