Mcheza Kwao Hutuzwa, Ayimba Tulimtuza Nini?

Kuna tabia iliyotuganda kama kupe, na leo sitainyamazia. Ni tabia ya kumkumbuka mtu siku jeneza lake linaposhushwa kaburini. Akiwa hai, hata salamu hatumpi. Akishafumba macho, tunashindana kumlilia: huyu na picha waliyopigwa pamoja, yule na beti za sifa, na mheshimiwa na shada lake la maua. Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa, na walikuwa na ngoma akilini mwao. Mchezaji hubandikwa noti kwenye paji la uso jasho likiwa bado linamtiririka. Hakuna mzee aliyesema kwamba mcheza kwao hutuzwa sandani.

Namkumbuka marehemu Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu. Kijana wa Maseno, mchezaji wa klabu ya Impala pale Ngong Road, namba nane mwenye kifua kipana, nahodha wa timu ya taifa ya raga ya Kenya, mtu aliyevuka bahari akacheza raga ya kulipwa Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates. Hayo peke yake yangemtosha mtu kukaa kivulini maisha yake yote akisimulia wajukuu. Yeye alirudi akashika filimbi ya ukocha wa timu ya wachezaji saba kila upande, wakati ambao mataifa makubwa yalituona kama wageni waalikwa, tuliokuja kula na kuondoka.

Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wake. Timu ilifika fainali kule Adelaide ikafungwa na Afrika Kusini, na katika Kombe la Dunia la Dubai vijana wake waliwatoa Fiji waliokuwa wakitetea ubingwa, wakafika nusu fainali. Collins Injera alimaliza msimu huo wa mzunguko wa dunia akiwa ndiye mfungaji bora wa trai, trai 42. Watu waliokuwa hawajui hata mpira ule unashikwaje wakaanza kuizungumzia raga kwenye matatu. Basi kocha wa namna hiyo ungemfanya nini? Sisi, kufikia mwaka 2011, nafasi yake tulishampa mwingine.

Alipoitwa tena mwaka 2015 hakutukumbusha ya nyuma. Alikuja. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, Kenya ikaikung'uta Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Tangu mzunguko huo uanze mwaka 1999 hatukuwa tumewahi kubeba kombe kuu la mashindano hata moja. Na Fiji hao hawakuwa wanyonge, kwani miezi minne baadaye ndio waliotwaa dhahabu ya Olimpiki. Siku ile wimbo wa taifa ulipopigwa ugenini, nani kati yetu hakusimama mbele ya televisheni yake? Nilimwona jirani yangu, mzee asiyejali michezo, akijifuta machozi kwa pindo la shati. Mwezi uliofuata, huko London, Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya mzunguko huo.

Kisha ikaja Olimpiki yenyewe, huko Rio. Vijana walipoteza mechi zote tatu za kundi, mbele ya Uingereza, New Zealand na Japani. Ndimi zile zile zilizoimba Aprili zikageuka nyembe mwezi Agosti, na kabla mwaka haujaisha timu ilikuwa na kocha mwingine. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakusomeshwa, hana kitabu wala msikiti wala kanisa. Sisi tuna vyote hivyo.

Najua kuna watakaonijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa. Mgema aliyesifiwa kupita kiasi na akonywe. Ila mgema wetu hatukungoja hata tuonje tembo la pili. Tulimshusha mnazini, kibuyu tukampa mwingine. Tangu Mike Friday, aliyetufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la Moscow mwaka 2013, hesabuni wenyewe: Paul Treu, Felix Ochieng', Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu kwa mara ya pili, Damian McGrath, Kevin Wambua. Katika nchi gani shamba huzaa likibadilishiwa mkulima kila masika? Mtupa jongoo hutupa na mti wake: kila kocha aliyekwenda alikwenda na daftari lake, na aliyekuja alianza na ukurasa mtupu. Mwaka 2023 tukashushwa daraja tukashangaa. Wambua na vijana wake wakatupandisha tena mwaka uliofuata huko Madrid, na ninawasihi mnaoamua mambo, huyo naye mwekeni kwenye dua zenu kabla hamjamweka kwenye barua zenu.

Turudi kwa Ayimba. Mwaka 2021 alilazwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, malaria imempanda kichwani. Mtu aliyeipa nchi kombe lake la kwanza, gharama zake za matibabu zikawa za kupitishiwa bakuli. Wachezaji na marafiki waliotoa walifanya la kiungwana, nawavulia kofia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini bakuli si bima. Tarehe 21 Mei akatutoka, akiwa na umri wa miaka 44, na kesho yake rambirambi zilijaa hadi pa kuzisoma pakakosekana.

Na kwa kuwa nimeitaja malaria, niacheni niseme jambo, maana hili nalo limenichoma siku nyingi. Mbona tumeuzoea ugonjwa huu kama binamu? Mtu anatetemeka siku tatu, anasema ni homa tu, anameza vidonge viwili vya maumivu na kurudi kazini. Vyandarua tulivyopewa bure ili tuwafunike watoto, nimeviona kwa macho yangu vikifunika vitalu vya sukuma wiki na mabanda ya vifaranga, na kando ya ziwa vikivulia dagaa. Mtoto analala wazi, mboga imelala ndani ya neti! Vimelea vikifika kwenye ubongo havimwulizi mtu alikuwa mnene kiasi gani wala alicheza namba ngapi. Ayimba alikuwa mtu wa miraba minne. Pimeni damu siku ya kwanza ya homa, tafadhalini.

Nami si mgeni wa uchungu huu wa kuwasahau waliotufundisha. Nilisoma shule ambayo mwalimu wa michezo alitufundisha kwa mpira wenye viraka, akitununulia glukosi kwa mshahara wake. Kabati la vikombe mlangoni pa ofisi ni jasho lake. Alipostaafu hakupewa hata kiti cha wageni siku ya michezo. Nilimkuta siku hiyo amesimama nje ya uzio, ameshika waya kwa vidole, akitazama watoto wa wengine wakikimbia kwenye njia alizozichora yeye kwa chokaa. Niliona aibu kumwamkia.

Ninyi wapenzi wa raga nawajua, ni watu wakarimu. Mnajaza uwanja wa Ngong Road jua liwake au mvua inyeshe. Basi chama cha raga na wizara waulizeni mambo mawili bila kuchoka: kocha wa taifa ana bima ya afya itakayomlinda hata baada ya mkataba wake kwisha, yeye na watoto wake? Na aliyemaliza zamu yake ana kazi gani katika kulea makocha wadogo? Kisha Jumamosi hii, mkifika uwanjani, tazameni kando ya uzio. Hapakosi mzee mmoja aliyewahi kushika filimbi ile, amesimama peke yake. Mvuteni ndani, mpeni kiti cha mbele, mmwulize anaendeleaje, na mngoje hadi amalize kujibu.