Nyota Tano Hazimlindi Mtoto

Najua niliahidi kumalizia ule mfululizo wa jinsi ya kuhifadhi nakala za hifadhidata. Mtaningoja kidogo. Leo nina hasira, na hasira haiwekwi akiba.

Mwezi uliopita mteja mmoja alinialika chai katika mkahawa mmoja hapa Kenyatta Avenue. Anataka programu ya simu. Mzazi wa Milimani, Section 58, Kiamunyi au Lanet anafungua simu, anaandika "Hisabati, Gredi ya 7", anaona sura za walimu walio karibu naye, anachagua mmoja, analipa kwa M-Pesa, na jioni mwalimu anabisha hodi. Yaani tuisheni inaagizwa kama bodaboda. Wazo zuri? Zuri sana. Na pesa zilikuwa nzuri pia, siwafichi.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuchora. Kwenye fomu ya mwalimu nikaweka sehemu nne za lazima: namba ya kitambulisho, namba ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC), cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), na namba za simu za wazazi wawili ambao amewahi kuwafundishia watoto. Kabla ya mtu, si mashine, kukagua hizo nne, mwalimu haonekani kwa mzazi yeyote.

Mteja akaangalia, akacheka. "Ndugu yangu, kwani unaandikisha makurutu wa polisi? Toa hizo. Walimu watatoroka. Weka nyota tu, wazazi wajipimie wenyewe."

Nikakataa. Kazi ikaenda kwa mwingine. Sasa hebu tuzungumze kuhusu hizo nyota.

Nyota hutolewa na nani? Na mzazi. Mzazi anapima nini? Alama zimepanda, mwalimu anafika kwa wakati, anasalimia kwa adabu. Lakini anayejua kilichotokea ndani ya kile chumba ni mtoto wa miaka kumi, na yeye hana akaunti. Tena mtu mwenye nia mbaya ndiye atakayekuwa na adabu kuliko wote, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuaminiwa na baba na mama. Ukikosewa na mtu wa bodaboda utajua kabla hujashuka. Mtoto aliyeumizwa anaweza kunyamaza miaka mingi, na miaka yote hiyo nyota zinazidi kuongezeka. Sisi tunaotengeneza programu tunalijua hili tangu siku ya kwanza darasani: ukiingiza takataka kwenye mfumo, utatoa takataka. Ajabu ni kwamba hizi tunazipaka rangi ya dhahabu.

Najua kuna atakayesema ninawatukana walimu. Hapana. Mimi nimelelewa na mwalimu, na karo yangu yote ililipwa na chaki. Walimu wengi ni watu wema. Lakini mfumo haujengwi kwa ajili ya wengi walio wema. Hakuna benki inayoacha kuweka neno la siri eti kwa sababu wateja wengi si wezi.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali, kaa hapa hapa Nakuru. Mwaka 2010 wasichana wawili wa shule ya msingi ya umma walilalamika kwamba naibu wa mwalimu mkuu aliwanajisi. Shutuma hizo hazikuhusu darasani. Zilihusu nyumbani kwake, ambako waliitwa kusaidia kazi za nyumbani. Kesi ya jinai ilipokwisha, mshtakiwa aliachiliwa huru. Familia hazikukata tamaa, zikaenda Mahakama Kuu kudai haki za kikatiba. Mwezi wa Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba watoto hao walikosewa, na kwamba TSC na serikali pia walibeba lawama pamoja na mwalimu. Mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 2, mwingine milioni 3. TSC ikakata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuivua lawama.

Soma tena hiyo habari ukiwa na macho ya mtengeneza programu. Mwalimu aliyesajiliwa. Shule ya serikali yenye mwalimu mkuu, kamati ya wazazi na mwajiri mwenye waraka, maana TSC ilikuwa imetoa Waraka Namba 3 wa mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Vyote hivyo vilikuwepo, na bado watoto waliumia. Sasa wewe unataka kutoa hata hivyo vichache, ubaki na nyota?

Funzo la pili ndilo gumu zaidi. Mtu aliyeachiliwa na mahakama ya jinai hana hatia kwenye rekodi ya polisi. Kwa hiyo cheti cha maadili mema ni mlango wa kwanza tu. Kinakwambia mtu huyu hajapatikana na hatia. Hakikwambii mtu huyu ni salama. Anayekuuzia programu kwa maneno "walimu wetu wote wamekaguliwa", halafu akaishia hapo, naye anakudanganya, ila kwa ustaarabu zaidi.

Kinachobaki ni kanuni za chumba. Hizi hazihitaji intaneti wala data bando. Masomo yafanyike sebuleni, si chumba cha kulala. Mlango uwe wazi. Mtu mzima wa nyumba awepo. Mwalimu asimwite mtoto kwake, hata "kuchukua kitabu tu". Asimwandikie mtoto peke yake kwenye WhatsApp. Ujumbe wote upite kwenye kikundi ambamo mzazi yumo. Na mtoto aambiwe mapema, kabla hakujaharibika kitu, kwamba hakuna siri ya mwalimu ambayo mama hawezi kuijua. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure. Iandike kwenye friji.

Sheria zipo, jamani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 24, inamshika mwalimu anayetumia cheo chake kumpotosha mwanafunzi, na inataja taasisi rasmi na zisizo rasmi. Sheria ya TSC ya 2012 inataka anayefundisha awe amesajiliwa, hata katika shule ya kibinafsi, na TSC huchapisha orodha ya waliofutwa kwenye sajili. Lakini nani anakuja kukagua sebule yako? Nani anapanda ngazi za kile chumba cha tuisheni kilicho juu ya duka la mbolea? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo, na sisi wazazi tukajibu kwa kuzificha. Watoto huingia kwa mlango wa nyuma bila sare, na wanafundishwa kudanganya wakiulizwa wanakwenda wapi. Tumewafundisha watoto wetu kutunza siri za watu wazima, kisha tunashangaa wakizitunza.

Tena kuna picha. Vituo vya tuisheni hupenda kubandika sura za watoto, majina na mitaa yao kwenye Facebook: "Hongera mwanafunzi wetu bora!" Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Mtengeneza programu mwenzangu, ukiweka ramani inayoonyesha mtoto gani yuko nyumba gani saa ngapi, elewa umetengeneza nini.

Nilipokataa ile kazi nilijiona shujaa kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na mwalimu wa binti yangu akabisha hodi. Nikakumbuka kwamba amekuwa akija kwangu tangu mwaka jana, na mimi sijawahi kumuuliza hata namba ya TSC. Aliletwa na jirani, ikatosha. Mimi mwenye fomu ya sehemu nne!

Nikameza mate nikamuuliza. Niliogopa atakasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzazi, miaka sita naingia nyumba za watu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi zote kwenye bahasha. Kiti chake sasa kiko sebuleni, karibu na jikoni.

Miaka sita. Nyumba ngapi hizo? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ameuliza. Huo mfumo wa kuaminiana bila kuulizana tumekuwa nao siku zote. Yule mteja anataka tu kuutia kwenye simu ili uende kasi.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kukataa kazi hakumlindi mtoto yeyote, maana programu itajengwa na mwingine. Ile fomu yangu nimeikamilisha. Kituo chochote cha tuisheni kuanzia Naivasha hadi Molo kitakachotaka kuitumia nitakipa bure, na nitakuja mwenyewe kuiweka. Mwalimu mzuri hatatoroka. Ada ya cheti cha maadili mema haifiki bei ya tairi la pikipiki. Anayetoroka fomu ya sehemu nne mwache atoroke. Hiyo ndiyo kazi ya fomu.

Nawe mzazi, mwalimu akibisha hodi jioni ya leo, muulize.