Kuliko Yote

Wako wasomi wadaio kuwa Kiswahili ni lugha pungufu, kwa kuwa neno lake la sifa halina daraja ya tatu. Huleta Kijerumani kiwe shahidi: groß, größer, der größte. Neno huvishwa -st, pengine -est, irabu ikageuka, kazi imekwisha. Hali Mswahili, wasema, huzungukazunguka kwa maneno mengi. Dai hili ni dhaifu, na madhara yake yamekwisha kuingia katika uandishi.

Na achukuliwe msafiri aliyesimama Kamanga, akiutazama ng'ambo ya ghuba mji wa Mwanza, ambako jabali moja lingali likiitwa kwa jina la Bismarck. Maji yaliyo mbele yake Mjerumani huyaita der größte See Afrikas. Mswahili husema: ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika. Ni nani aliyepungukiwa? Kuliko limeundwa kwa ku- ya mahali, -li ya kuwa, na -ko ya urejeshi. Asili yake ni 'palipo'. Basi asemaye "kubwa kuliko yote" huliweka ziwa hilo pale yalipo mengine yote, yakapimwa mbele ya macho. Na msikilizaji akiisha kuyaona yapimwayo, huuliza mara moja: kwa kipimo gani? Kwa eneo, naam, Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kwa kina halifiki mita 100, na Tanganyika, lenye mita 1,470 hivi, lalishinda mbali, hata kwa wingi wa maji.

Kijerumani chenyewe chakiri jambo hili. Msemaji wake akitaka kutia mkazo hutanguliza aller-: der allergrößte. Na aller- hiyo ni nini, ila 'ya yote'? Kiambishi kilichosifiwa kwa ufupi wake chahitaji msaada wa neno lile lile ambalo Mswahili alianza nalo!

Haki itendeke lakini. Kijerumani hutenga der tiefste na am tiefsten: la pili hutumika ziwa lilinganishwapo na nafsi yake, der See ist hier am tiefsten. Ni umbo zuri. Mswahili naye hashindwi: hapa ndipo ziwa lilipo na kina kuliko mahali pengine pote. Ni maneno mengi, kweli. Ila hakuna lililofichwa. (Sana na mno ni habari nyingine: hayo huzidisha tu, hayalinganishi.)

Ubaya uko kwa watafsiri. Kwa kuuonea haya huo ati upungufu, wamelitwaa zaidi wakalifanya daraja ya tatu. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, huandikwa kuwa "daraja refu zaidi Afrika Mashariki". Refu zaidi ya lipi? Zaidi ni neno la kulinganisha viwili. Likipewa kazi zote mbili, msomaji hajui tena kama kimeshindwa kimoja au vyote.

Mvuvi wa Kamanga aliye na mitumbwi mitatu ufukoni, akiagizwa kuleta "ulio mkubwa zaidi", ana haki ya kusimama na kuuliza, kuliko upi? Akiagizwa "ulio mkubwa kuliko yote", huenda akauleta.